Mkono wa Tatu

Raimo alinipa funguo za duka lililokuwa la viatu,
mtaa wa nyuma, Oulu, mwezi wa Novemba,
jua likija kama mtu aliyechelewa kazini
na kutoroka kabla bosi hajamwona.
"Outi," alisema, "nataka mteja akiingia apumue."
Kisha akanionyesha bajeti, nikaacha kupumua mimi.

Nilichora. Nilifuta. Nikachora.
Rangi elfu mbili hazina pa kusimama zote,
na kijibao cha ukubwa wa biskuti
hakijawahi kumwambia mtu ukweli kuhusu sebule yake.
Nikataka mbao ndefu kama milango, zenye bawaba,
zifunguliwe kama kurasa:
chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe,
plasta ya udongo yenye chembe za mabua,
rangi ya mafuta inayong'aa kama paji la mwenye homa,
na ile iliyofifia, inayokopa nuru na hairudishi hata senti.
GUSA, niliandika mlangoni.
Raimo akalifuta. Nikaliandika tena.

Vita vyetu vikubwa vilikuwa taa.
Yeye alitaka ishirini na nne darini, kali, "bidhaa iwake!"
Nikampangia nyeupe tisa.
Chini ya taa zilifanana kama wanafunzi gwarideni;
dirishani, moja ikageuka kijani,
moja ikaona haya,
moja ikawa maji ya kuoshea mchele.
Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema;
hawasemi macho yenyewe huambiwa na nani.

Wiki moja kabla ya kufungua,
gundi ingali inanuka, Jorma seremala yuko juu ya ngazi,
akaingia mzee Karppanen na theluji mabegani,
akafungua leso mezani: vipande viwili vya plasta.
"Ukuta mmoja," alisema. "Jiko letu."
Kimoja kilikaa nyuma ya kabati miaka arobaini na sita:
njano changa, kiini cha yai.
Kingine kilikaa wazi, mbele ya kikaango,
mbele ya kahawa, samaki, sigara alizokuja kuziacha,
pumzi za watu wawili na mbwa watatu, mmoja baada ya mwingine:
asali iliyoungua kidogo,
haina jina katika kitabu chetu.

Raimo, mwepesi, akachukua ile njano.
"Hii ndiyo yenyewe," akaiweka chini ya jicho la mashine.
Mzee akafunika mashine kwa kiganja,
bila hasira, kama mtu anayemzuia mtoto barabarani.
"Hiyo tuliipaka Jumamosi moja, mikono miwili, Helvi na mimi.
Hii nyingine ilichukua siku zote zilizobaki."

Mashine ikasoma, ikachanganya, ikakosea.
Ikakosea mara nne.
Nikazima taa. Zote.
Tukasogea dirishani, Jorma akashuka ngazi,
na katika mwanga wa saa nane mchana, tayari unaaga,
tone la nyeusi, nusu tone la nyekundu ya kutu,
mzee akakataa kwa kichwa, akakataa,
kisha kichwa kikatulia.
Hakusema kitu.
Aliuliza bei ya lita tatu.

Usiku ule nilichana kona moja ya ramani yangu.
Ile ya kaskazini, niliyoipangia bluu na kiti cha bei mbaya,
sasa haina taa. Ina dirisha, benchi,
na ukuta wa njano, mikono miwili,
tarehe kwa penseli karibu na sakafu,
nusu yake imefichwa nyuma ya kabati kuukuu.
Raimo anauliza, pale tunauza nini?
Namwambia asubiri.
Jorma hunywea kahawa yake pale kila asubuhi,
kikombe karibu na ukuta, mvuke ukipanda.
Mkono wa tatu, anasema,
na hana haraka ya kumaliza.